Maafa ya Hanang: toka tope la Katesh mpaka nyumba za Waret

Wadau, kila mvua kubwa zikianza naulizwa maswali yale yale: hivi Mlima Hanang ulilipuka? Na zile nyumba za waathirika zilijengwa kweli au ilikuwa maneno tu? Nimeona bora niyaweke yote sehemu moja.

KILICHOTOKEA
Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka toka mlimani vikaupiga mji mdogo wa Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Wengi walikuwa bado wamelala. Watu 89 walipoteza maisha.

Haikuwa volkano. Ni kweli Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, ni mlima wa volkano ya zamani. Ila wataalamu wa jiolojia walieleza kuwa sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikazidiwa na kumeguka, na tope likafuata mkondo wa Mto Jorodom.

SIKU ZA KWANZA
Wanajeshi waliingia kutafuta watu na kufungua barabara. Majeruhi walitibiwa Katesh na Babati, na waliokosa makazi wakahifadhiwa mashuleni. Rais Samia, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa COP28, alikatisha safari na kufika Katesh tarehe 7. Unga, mablanketi na nguo vikamiminika toka kila kona ya nchi.

UJENZI
Hapa ndipo wengi huwa tumeshasahau. Blanketi linafika kwa siku mbili, nyumba inachukua mwaka. Eneo la Waret lilitengwa, SUMA JKT wakajenga, Serikali na Msalaba Mwekundu wakagharamia. Nyumba zaidi ya 100 zilikabidhiwa Desemba 2024. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, zilijengwa. Lakini mwaka mzima kuishi bila kwako si mchezo, na nyumba mpya hairudishi shamba, duka wala ng'ombe.

LA KUFANYA SASA
Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa kuanzia kijijini mpaka taifa. Muulize mwenyekiti wako: kamati yetu ni akina nani? Wenzangu wa Mbulu na Hanang mnaoishi chini ya miteremko, hili linatuhusu kabisa.

La pili, tope halichagui, linabeba na makaratasi. Aliyepoteza kila kitu bado ataulizwa yeye ni nani na kiwanja ni cha nani. Ukiwa hapo kafe leo, skani cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na hati ya kiwanja cha wazee, ujitumie kwenye barua pepe yako. Ukimaliza usisahau kufuta nakala kwenye kompyuta ya watu!

Mlioko Katesh na Waret, tuambieni hapo chini: maisha yanaendaje?