Mkulima wa Mweru aliyepitwa na misaada

Ukiteremka kutoka Mansa, kaskazini mwa Zambia, kwa barabara ya bonde la Luapula kuelekea Kashikishi na Nchelenge, makopa ya mihogo yameanikwa karibu kila mahali: juu ya mikeka, juu ya miamba, hata pembeni mwa lami. Unga wake ndio chakula cha ufuko wote wa mashariki wa Ziwa Mweru, na ndio uliowalisha wavuvi wa ziwa hili kizazi baada ya kizazi. Hata hivyo, tangu siku za wakoloni, kila mpango wa kumwinua mkulima Mwafrika ili alime kwa biashara umefika hapa ukimtafuta mtu mwingine. Ulimtaka mwanamume mwenye plau na shamba la mahindi. Aliyekuwapo alikuwa mwanamke mwenye jembe la mkono na shamba la mihogo, naye tayari alikuwa anauza.

Mihogo ililetwa huku na Walunda waliotoka magharibi katika karne ya 18 na kusimika ufalme wa Mwata Kazembe kusini mwa ziwa. Wareno walifika kwake mwaka 1798 na tena 1831, na David Livingstone akauona Mweru Novemba 1867. Huko kwa Kazembe Livingstone aliwakuta wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki, akiwamo Mohamed bin Saleh, ambaye mfalme alikuwa amemzuia kuondoka kwa miaka mingi. Misafara ya pembe na shaba haikutembea na chakula cha safari nzima. Ilinunua njiani, na mashamba ya bonde hili yaliilisha. Kwa hiyo kilimo cha kuuza hakikuanzishwa na bwana shamba yeyote wa kizungu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea kando ya Luapula na ziwa, na utawala wa kampuni ya Waingereza ukawahamisha watu kutoka ufukoni kwa nguvu. Waliporudi, ng'ambo ya maji soko jipya lilikuwa limezaliwa. Migodi ya Katanga, huko Kongo, ilihitaji kitoweo cha maelfu ya vibarua, na wafanyabiashara Wagiriki walioweka makao Kasenga walinunua samaki kwa wingi na kuwasafirisha hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Wavuvi walipiga kambi ufukoni kwa miezi, na kambi hizo ziliishi kwa unga wa wanawake wa vijijini. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 samaki aitwaye mpumbu alikuwa amevuliwa hadi karibu kutoweka. Fedha za samaki ziliingia kwenye maduka, nyavu na magari. Shambani ziliingia kidogo sana, na sishangai: hakuna aliyewaambia wenye fedha hizo kwamba shamba la mihogo ni biashara.

Wakati huohuo, Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, ilikuwa imekwisha kuamua zao la biashara ni lipi na soko lake ni la nani. Sheria ya kudhibiti mahindi ya mwaka 1936 iliwatengea walowezi wa kizungu robo tatu ya soko la ndani, na Waafrika, waliokuwa wengi zaidi kwa mbali, wakaachiwa robo moja. Mwaka 1946 ndipo ulipoanza mpango wa kuwasaidia wakulima Waafrika kwa bonasi ya kila ekari iliyolimwa kwa kanuni bora. Ulianzia kwa Watonga wa kusini, nao ulifanikiwa kwa sababu tatu zilizo wazi: Watonga walikuwa na ng'ombe, walikuwa na plau, na reli ilipita karibu nao.

Mweru haikuwa na hata kimoja kati ya vitu hivyo vitatu. Mbung'o walizuia ufugaji, hivyo maksai wa kukokota plau hawakuwapo. Reli ilikuwa mbali, na njia fupi ya kwenda miji ya shaba ilivuka mto kwa pantoni pale Chembe, ikapita ndani ya ardhi ya Kongo. Kuleta huku mpango uliotungwa kwa ajili ya Watonga kulikuwa sawa na kumpa mvuvi jembe na kumwambia akavue.

Uhuru ulibadili nia, haukubadili zao. Tarehe 17 Januari 1965, pale Chifubu, Kenneth Kaunda aliwaita Wazambia waunde vyama vya ushirika. Serikali ikawalipa wanachama kwa kila ekari waliyofyeka na kung'oa visiki. Mtafiti Mmarekani Robert Bates, aliyeishi katika kijiji cha Kasumpa bondeni humu, ameandika jinsi wanakijiji walivyoitikia siasa za maendeleo za miaka hiyo. Tatizo la ruzuku ile lilionekana kote nchini: ililipia kufyeka, haikulipia kuvuna wala kuuza, na ilipokoma vyama vingi vikafa. Shirika la mikopo lililoanzishwa 1967 lilielemewa na madeni yasiyolipika, likafungwa baada ya miaka michache. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, ikaja bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Hapo hata Luapula ya mbali ikavutwa kulima mahindi, kwa kuwa serikali ilibeba gharama ya lori. Gharama hiyo ilipoondolewa katika miaka ya 1990, mkulima wa mbali aliachwa na gunia lisilo na mnunuzi.

Msaada ninaouheshimu zaidi haukuja na hotuba. Miaka ya 1980 vidung'ata, wadudu weupe kama unga, waliangamiza mihogo kuanzia Senegali hadi Zambia. Hans Herren na wenzake wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA walimfuata adui wa asili wa wadudu hao, nyigu mdogo kutoka Amerika Kusini, wakamwachia katika nchi moja baada ya nyingine, na mashamba yakapona. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Watafiti wa Zambia nao walitoa mbegu bora mwaka 1993, zikiwamo Bangweulu na Kapumba, na mwaka 2000 wakatoa nyingine, mojawapo ikiitwa Mweru. Mihogo ya zamani huchukua hadi miaka miwili au mitatu ardhini. Mbegu ya Bangweulu huvunwa baada ya mwaka mmoja na kidogo.

Njia ya soko nayo imefunguka: tangu 2008 daraja la Chembe limechukua nafasi ya pantoni. Wanunuzi wa Kikongo wanavuka ziwa kuja Kashikishi. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na wavuvi wengi hushika jembe. Kwa upande wa ardhi, sheria ya 1995 inaruhusu shamba la kimila kupewa hati ya miaka 99, lakini mjane mwenye ekari mbili za mihogo hana fedha za mpimaji. Ruzuku ya pembejeo iliyoanza 2002 imeelemea mbolea na mbegu za mahindi kwa miaka mingi, na mipango mikubwa, kama eneo la mashamba la Luena huko Kawambwa, imepangwa kwa ajili ya wawekezaji wenye mitaji.

Serikali ya Zambia na wafadhili wake waelekeze sehemu ya fedha za ruzuku na mipango hiyo Nchelenge: kwenye vipando vya mbegu bora, mashine za kukwangua na kukausha, upimaji wa mashamba madogo kwa bei ambayo mwanamke wa kijijini anaimudu, na mikopo inayosubiri hadi mihogo ikomae.