Wimbo wa Krismasi na lebo ya baiti 128

Leo siwaletei msimbo wala programu mpya. Leo nataka tuzungumze kuhusu wimbo mmoja wa Krismasi. Kama umewahi kupanda matatu ya 46 kwenda Kawangware mwezi wa Desemba basi umeusikia, utake usitake. Ni ule "Mary's Boy Child" wa Boney M.

Naanza na Kawangware kwa sababu ndiko ugonjwa wangu ulikoanzia. Karibu na steji kuna kibanda kinachouza muvi na muziki. Unampa kijana flashi yako, unamwambia unachotaka, anakujazia. Desemba moja nilimwambia, "Msee, niwekee za Krismasi." Nilipofika nyumbani nikaifungua flashi na kuanza kuzipanga zile faili. Kumbe saba kati yake zilikuwa wimbo huo huo mmoja! Moja iliitwa "boney m xmas". Nyingine "xmas jim rivis". Nyingine "Track 04". Na moja iliitwa "kwaya kibera FINAL2", bila jina la kwaya, la kanisa wala la mtu yeyote.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkusanyaji. Nikisikia mtu ana kanda, santuri au hata rekodi ya simu ya wimbo huu, naomba nisikilize. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kompyuta, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuiachia kompyuta kazi ya kuzitambua nakala. Hapo ndipo nilipopata somo.

Jaribio la kwanza: linganisha faili baiti kwa baiti. Halikufaulu. Rekodi moja ikibanwa mara mbili kwa viwango tofauti inatoa faili mbili ambazo kompyuta inaziona kuwa vitu viwili visivyohusiana. Jaribio la pili: linganisha majina. Halikufaulu pia. Boney M waliita wimbo wao "Mary's Boy Child - Oh My Lord", na Jim Reeves aliuita "Mary's Little Boy Child". Jaribio la tatu: tumia programu ya kutambua muziki, kama Shazam. Hii inafanya kazi nzuri sana, lakini inachotambua ni ile rekodi yenyewe. Mtu mwingine akiimba wimbo ule ule kwa sauti yake, kwa mwendo wake, na kwa Kiswahili, programu inanyamaza kimya. Mwishowe nilifanya kile ambacho mama yeyote wa kwaya angefanya tangu mwanzo: nilikaa chini nikasikiliza kwa masikio.

Waandishi wa programu wataielewa tofauti hii haraka. Kuna utunzi na kuna rekodi. Utunzi ni kama klasi. Rekodi ni kitu kimoja kilichozaliwa kutokana na klasi hiyo. Utunzi mmoja unaweza kuzaa rekodi elfu moja. Sasa jiulize: katika zile faili saba za kibandani, ni ngapi zilikuwa na jina la mtu aliyeutunga wimbo? Hakuna hata moja.

Basi mtunzi ni nani? Anaitwa Jester Hairston. Alikuwa Mmarekani mweusi, amezaliwa mwaka 1901 North Carolina, na babu na bibi zake walikuwa watumwa. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mpangaji wa nyimbo na mwigizaji. Kwanza alitunga wimbo wa mahadhi ya kalipso kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake, wimbo wa mambo ya kula na kunywa tu. Baadaye Walter Schumann, aliyekuwa na kwaya, akamwomba wimbo wa Krismasi. Hairston akaukumbuka mdundo ule wa sherehe akautungia maneno mapya. Harry Belafonte aliusikia, akaomba ruhusa, akaurekodi mwaka 1956. Mwishoni mwa 1957 ulishika nafasi ya kwanza Uingereza na kuuza nakala zaidi ya milioni moja huko.

Belafonte si mgeni kwetu. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa Wamarekani waliosaidia kuchanga pesa za ile safari ya ndege ya wanafunzi aliyoipanga Tom Mboya, iliyowapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani. Mkumbuke, tutakutana naye tena.

Mwaka 1963 Jim Reeves akauweka kwenye albamu yake ya "Twelve Songs of Christmas", kwa sauti ile ya taratibu ambayo wazee wetu wanaipenda hadi leo. Halafu, Novemba 1978, wakaja Boney M. Kundi hili liliundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian. Wao waliuunganisha wimbo wa Hairston na kipande kipya cha "Oh My Lord" kilichotungwa na Farian na Fred Jay. Ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki nne na kuuza nakala zaidi ya milioni 1.8. Na hata hapo jina lililo kwenye jalada linaficha mengi. Sauti inayoongoza ni ya Liz Mitchell. Yule Bobby Farrell aliyekuwa akicheza kwa mbwembwe jukwaani hakuimba kwenye rekodi. Sauti nzito ya kiume ni ya Farian mwenyewe, aliyebaki studioni.

Sasa turudi kwenye flashi. Kwa nini faili zinamsahau Hairston? Sababu moja ni uvivu wetu. Sababu nyingine iko kwenye lebo yenyewe. Mwaka 1996 mwandishi wa programu aitwaye Eric Kemp alibuni lebo ndogo ya kubandikwa mwishoni mwa faili ya MP3. Inaitwa ID3, na toleo la kwanza lina baiti 128 tu:

Neno TAG: baiti 3
Jina la wimbo: baiti 30
Msanii: baiti 30
Albamu: baiti 30
Mwaka: baiti 4
Maelezo: baiti 30
Aina ya muziki: baiti 1

Jumlisha mwenyewe, ni 128. Umeona kinachokosekana? Mtunzi hana chumba! Nyumba imejengwa, msanii kapewa chumba, albamu kapewa chumba, mtunzi analala nje.

Ni lebo iliyosaidia watu wengi, simlaumu aliyeibuni. Lakini maamuzi madogo ya mhandisi huishi miaka mingi. "Mary's Boy Child - Oh My Lord" ina herufi 29 pamoja na nafasi, kwa hiyo inaingia, imebaki baiti moja. Lakini ile albamu ya 1965, "An Evening with Belafonte/Makeba", ina herufi 32. Ikikatwa kwenye 30, mama yetu Miriam Makeba anabaki "Make". Na ile baiti ya aina ya muziki: namba sifuri maana yake ni "Blues". Programu iliyoacha sifuri hapo bila kufikiri iliugeuza wimbo wowote kuwa bluzi. Ile kwaya ya Kibera kwenye flashi yangu ilikuwa imeandikwa Blues. Nilicheka peke yangu. Mwaka 1998 likaja toleo la pili la ID3 lenye nafasi ya mtunzi na ya mwandishi wa maneno. Nafasi ipo tangu wakati huo. Ni sisi tu hatuijazi.

Kuna atakayeuliza, "Sasa, inakuhusu nini? Hairston ni Mmarekani." Sawa. Basi itazame ile albamu ya 1965. Ndani yake Belafonte na Makeba wanaimba "Malaika". Ndiyo, Malaika yetu, na imepewa jina la "My Angel". Mwaka 1981, miaka mitatu baada ya ule wimbo wa Krismasi, Boney M nao wakatoa "Malaika". Mwaka 1983 wakatoa "Jambo - Hakuna Matata", ambayo ni "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms kutoka Mombasa, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutolewa mwaka 1982. Kwa hiyo Belafonte aliyemwimbia Hairston ndiye aliyeiimba Malaika, na Boney M waliotuletea Krismasi walichukua nyimbo mbili kutoka kwetu.

Na mtunzi wa Malaika ni nani? Fadhili William aliirekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na alijitambulisha kuwa mtunzi wake hadi kifo chake mwaka 2001. Wapo wanaosema ni Adam Salim wa Tanzania, na jina la Grant Charo pia hutajwa. Wimbo umeimbwa duniani kote, na bado tunabishana kuhusu jina moja. Mshangao wetu wa kuona faili ya Malaika iliyoandikwa "Boney M" ndio ule ule ambao familia ya Hairston ingeupata kwenye kibanda cha Kawangware.

Nilidhani mbishano wa namna hiyo hutokea kwa nyimbo kubwa tu, hadi nilipoipata kanda ya mama.

Mama aliimba alto katika kwaya moja ya Kibera. Krismasi ya 2007 walirekodi nyimbo zao kwa redio kaseti ya kawaida, na mojawapo ni huu wimbo wetu, umetiwa maneno ya Kiswahili. Krismasi ilikuwa Jumanne. Alhamisi, tarehe 27, Kenya ikapiga kura. Yaliyofuata mnayajua: watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini kabla ya makubaliano ya Februari 28, 2008, na Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana, hata reli iling'olewa. Mimi nilikuwa na miaka 10. Kwaya ile ilikuwa na watu wa makabila mbalimbali. Haikuimba tena ikiwa kamili. Wengine walirudi mashambani, wengine wakahamia mitaa mingine. Sisi tulikuja Kawangware, ingawa nako mambo hayakuwa shwari. Kanda ilikaa kwenye sanduku, juu yake pameandikwa kwa kalamu: "Xmas 2". Basi.

Niliazima redio kaseti, nikakaza utepe kwa kalamu ya Bic kama wazee walivyonifundisha, nikaunganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye laptopu, nikarekodi kwa Audacity. Mama akakaa kando. Kila sauti ilipotokea alitaja jina. Watu 14, alitambua 11. Kwenye ubeti wa mtu mmoja alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo alikuwa jirani yetu. Sijui aliko."

Nikawatumia wanakwaya wachache tuliowapata kwa simu. Majina mawili zaidi yakapatikana. Halafu nikauliza swali nililolidhani rahisi: nani aliyeyaweka maneno kwa Kiswahili? Mama alikuwa na hakika ni mwalimu wa kwaya. Mmoja wa soprano akasema hapana, ni mwenzao mmoja aliyeyaandika jikoni kwake, mwalimu alirekebisha tu. Wengine wakaunga mkono huku, wengine kule. Watu 14, chini ya miaka 20, wengi wao wazima, na tayari tuna Malaika yetu ndogo.

Sikuamua kesi. Kwenye faili, Hairston yuko sehemu ya mtunzi. Sehemu ya mwandishi wa maneno nimeandika majina yote mawili. Kwenye maelezo nimeweka waimbaji 13, na mwisho nimeandika "na alto mmoja ambaye hatujamtambua". Kwenye ile lebo ya zamani hata majina matatu yasingeenea. Hapa majina yao siyaweki, kwa sababu sijawaomba ruhusa.

Faili hiyo wanayo wanakwaya wenyewe, sijaisambaza kwingine. Utunzi wa Hairston bado una mwenyewe: alifariki Januari 2000, na kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo, yaani hadi mwisho wa 2050. Ninachogawa kwa yeyote ni orodha: nani alitunga, nani aliimba, lini, wapi. Orodha haimwibii mtu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama nyumbani kuna kanda ya kwaya, ya Kibera, ya Kawangware au ya kwenu kokote, usingoje vifaa vizuri. Sauti inaweza kusafishwa hata mwakani. Majina hayasubiri. Kaa na mama, cheza kanda, uliza "huyu ni nani?", na uandike.

Yule alto wa 14 bado tunamtafuta.