Uvungu wa nyumba

Uvungu wa nyumba ni nafasi ndogo kati ya ardhi na sakafu ya nyumba iliyoinuliwa juu ya msingi. Kwa kawaida mtu hawezi kusimama humo, hivyo fundi huingia kwa kutambaa. Nyumba za namna hii ni nyingi nchini Marekani, hasa katika majimbo ya kusini-mashariki kama North Carolina.

Unyevu

Ardhi tupu hutoa mvuke wa maji hata ikionekana kavu. Mvuke huo ukiingia katika mihimili ya mbao, kuvu huota na mbao huoza. Mbao zenye unyevu chini ya asilimia 20 kwa kawaida haziozi. Athari hufika pia vyumbani, kwa kuwa hewa ya joto inapopanda na kutokea juu ya nyumba huvuta hewa ya uvunguni pamoja na harufu na spora za kuvu.

Matundu ya hewa

Kwa miaka mingi kanuni za ujenzi za Marekani zilidai matundu ya hewa kwenye kuta za msingi. Njia hiyo hufaa penye hewa kavu. Penye majira ya joto yenye unyevunyevu inaweza kudhuru: hewa ya nje ikigusa mbao na mabomba yaliyo baridi, huacha matone ya maji, kama yanavyoonekana nje ya gilasi ya maji baridi. Utafiti uliofanywa katika nyumba 12 mjini Princeville, North Carolina, ulionyesha kwamba uvungu uliofungwa hubaki mkavu zaidi.

Kufunga uvungu

Kazi huanza nje, kwa kuelekeza maji ya mvua mbali na msingi. Ardhi hufunikwa kwa polithini yenye unene wa angalau milimita 0.15, vipande vikipishana sentimita 15 na kubandikwa. Mafundi wa Afrika Mashariki hutandika polithini chini ya zege la sakafu kwa kusudi hilohilo. Kisha matundu huzibwa, kuta za msingi huwekewa mabamba ya povu ya kuhami joto, na hewa hukaushwa kwa mashine ya kuondoa unyevu.

Tahadhari

Uvungu wenye maji yaliyotuama hukaushwa kwanza. Hita ya gesi inayotegemea hewa ya uvunguni ikikosa hewa ya kutosha inaweza kutoa monoksidi ya kaboni, ambayo ni sumu. Sehemu ya juu ya ukuta huachwa wazi ili dalili za mchwa zionekane mapema.