Miiko Iliyozaliwa na Kashfa ya Masaji

Mwaka 1894, jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilitoa onyo kwamba baadhi ya nyumba za London zilizojinadi kuwa za masaji zilikuwa madanguro. Magazeti mengine yakaidaka habari hiyo. Wanawake waliosomea kukanda misuli na viungo vya wagonjwa wakajikuta wametiwa kapu moja na makahaba.

Wanne kati yao, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, wenye uzoefu wa uuguzi na ukunga, waliunda chama mwaka huohuo: Society of Trained Masseuses. Wakaweka mtihani na cheti. Humo ndimo ilimochipukia fiziotherapia ya Uingereza.

Pamoja na cheti ilikuja miiko. Mwanachama asimkande mtu bila agizo la daktari. Asikande wanaume, isipokuwa daktari ameomba mahususi kwa mgonjwa wa dharura au anayeuguzwa. Asijitangaze ila katika majarida ya kitabibu. Asiwauzie wagonjwa dawa.

Ukiitazama vizuri, mgonjwa ananufaika waziwazi na mwiko ule wa dawa tu. Mingine inalinda kwanza jina la mkandaji. Siwalaumu. Katika London ya wakati ule, mwanamke aliyegusa miili ya watu kwa malipo alikuwa keshahukumiwa kabla hajafungua mlango, na kivuli cha daktari kilikuwa ndicho kinga pekee iliyoheshimika. Ila kinga hiyo ilikuwa na gharama yake: daktari ndiye aliyeamua nani atibiwe.

Mwiko wa wanaume ndio uliotangulia kulegea. Mwaka 1914 vita vilipozuka, Almeric Paget na mkewe Pauline waligharimia kikosi cha wakandaji wa kike kuhudumia majeruhi. Kilianza na wakandaji wapatao hamsini, kikakua sana. Maelfu ya askari waliokatwa miguu au kupooza mikono walihitaji kukandwa na kufanyishwa mazoezi. Nani angeuliza tena kama ni adabu? Mwaka 1920 chama kilipata hati ya kifalme, na wanaume wakapokelewa kama wanachama.

Mwiko wa daktari haukuguswa. Ulijitokeza hata ng'ambo ya bahari. Wataalamu wa Marekani, waliokuwa na chama chao tangu 1921 chini ya Mary McMillan, aliyewahi kufanya kazi Liverpool, walipoandika kanuni za maadili mwaka 1935, waliweka wazi kwamba kutambua ugonjwa, kutabiri mwenendo wake na kuagiza tiba ni kazi ya daktari. Mtaalamu wa viungo atekeleze tu. Kwa hiyo aliyeshika goti la mgonjwa wiki nzima na kuona kwamba zoezi lililoagizwa linamdhuru hakuwa na ruhusa ya kulibadilisha kwa uamuzi wake. Hapo utii ulikuwa umewekwa mahali pa maadili, na sioni jina jingine la kuupa.

Chama cha Australia kiliufuta mwiko huo mwaka 1976, hatua iliyozua ubishi mkali katika taaluma hiyo duniani. Mwaka uliofuata, waraka wa serikali ya Uingereza ukakubali kwamba mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayestahili kuamua aina ya tiba na muda wake. Uhuru huo ulikuja na mzigo wake: tiba ikimdhuru mgonjwa, mtaalamu hawezi tena kusema aliagizwa.