Maji Moto ya Magadi na Watoto wa Reli

Baba yangu alikuwa gadi wa treni, nasi tukiishi chumba kimoja katika landhi za wafanyakazi wa reli pale Muthurwa, Nairobi, bafu na mfereji vikiwa vya mstari mzima. Akipangiwa zamu ya tawi la Magadi, mama alijua atarudi na kifuko cha magadi ya mawe, na majirani wangeanza kupita mmoja mmoja, kila mmoja na kibakuli chake, kwa ajili ya kunde na mrenda wa jioni. Magadi hiyo bado inauzwa soko la Muthurwa, imekaa kando ya maharagwe na njugu. Wengi wanaoinunua hawajawahi kuambiwa kwamba jiwe lile lilitoka ardhini likiwa maji ya moto.

Ziwa Magadi, linakotoka jiwe hilo, liko Kajiado, zaidi kidogo ya kilomita 100 kusini-magharibi mwa Nairobi. Basi la chama chetu cha kina mama wa mtaa wa Maringo, Nairobi, hupitia Rongai na Kiserian, kisha barabara inaanza kushuka, nayo hushuka kweli. Unapita Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe miaka ya 1940. Ukifika ziwani umeteremka zaidi ya mita 1,000 tangu Nairobi, na sweta uliyoivaa alfajiri Jogoo Road haina kazi tena.

Ziwa lenyewe ni zao la chemchemi. Mvua huku ni haba. Maji yanayozama kwenye kuta za Bonde la Ufa hupita chini kwa chini katika miamba iliyopashwa moto na volkano, yakichota chumvi njiani, halafu hububujika pembezoni mwa ziwa. Mengine hutoka na joto la nyuzi 80 na zaidi. Jua huyakausha, magadi ikaganda tabaka juu ya tabaka, nyeupe, mahali pengine nyekundu. Mtambo ukikata tabaka la juu, maji hurudi kujaza, na baada ya muda huganda upya.

Wamaasai waliijua mali hii kabla ya yeyote kuiandika kwenye hati. Mifugo yao ililamba chumvi, na wenye maumivu ya viungo waliingia majini. Kisha ukaja mwaka 1911. Mwaka huo mkataba wa pili na serikali ya kikoloni uliwaondoa Wamaasai Laikipia na kuwasukuma kusini, na mwaka huohuo ikaundwa kampuni ya Magadi Soda. Mimi siwezi kuyasimulia hayo mawili mbalimbali. Reli ikajengwa kutoka Konza, kilomita 146 hivi, ikafika ziwani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Brunner Mond ya Uingereza iliichukua kampuni mwaka 1924, miaka miwili baadaye ikawa chini ya ICI, na tangu 2005 mwenye nayo ni Tata ya India.

Ugumu wa tawi lile, baba alisema, ni kwamba treni hushuka tupu na kupanda imejaa. Mabehewa ya magadi yalipaswa kuvutwa hadi juu kabisa ya ukingo wa Bonde, usiku mwingine kwa mwendo wa mtu anayetembea, gadi akiwa nyuma peke yake na taa yake, akisikiliza breki. Kutoka Konza mzigo uliendelea hadi bandari ya Kilindini, ukavuka bahari kwenda kuwa vioo na sabuni.

Mji ulijengwa kuuhudumia mzigo huo. Kampuni iliweka nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, hata bwawa la kuogelea. Chemchemi zikaachwa zilivyo, mbali na mji, ng'ambo ya barabara mbovu iliyopitishwa juu ya chumvi. Nafikiria Kusatsu, kule Japani, ambako maji hutoka yakiwa na nyuzi zaidi ya 50, na watu wakabuni namna ya kuyapoza kwa kuyakoroga na mbao ndefu, bila kuyazimua. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani, Erwin Bälz, aliyasifia sana maji yale. Nyumba za wageni na hamamu zimeyazunguka hadi leo. Moto ulio chini ya ardhi yao ni jamaa wa moto wetu. Ila Magadi waliokuja na mtaji walihesabu tani, na hakuna aliyeweka hata benchi la mgonjwa kukalia.

Kwa hiyo anayetuongoza ni kijana wa Kimaasai wa hapo, tunayemlipa mkononi. Yeye ndiye ajuaye dimbwi la kuchoma na dimbwi la kuingia. Huchovya mkono, husogea, huchovya tena, halafu hutuonyesha. Tunafunga leso na kushuka. Waliolelewa landhi hawana aibu ya kuoga pamoja. Maji ni mazito kidogo na yanateleza kama uji wa wimbi, na yakikauka ngozini huacha unga mweupe. Wenye magoti mabovu hawataki kutoka.

Miguuni mwetu huzunguka samaki wadogo wa urefu wa kidole, jamii ya ngege, ambao huishi katika maji ya hadi nyuzi 40 na ushee, yenye magadi kali ya kuua samaki wengine. Miaka ya 1950 na 1960 baadhi yao walipelekwa Ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Wakazaana, na ndege aina ya mwari wakaja kwa wingi kuwafuata.

Mara ya mwisho nilikuta kundi jingine kutoka mjini likifua nguo kwenye dimbwi, povu likielea juu ya samaki hao. Tuliwaeleza, wakaacha. Chama chetu nacho kimeandika katika kumbukumbu zake: sabuni haipandi basi la Magadi, na ada ya kijana wa Kimaasai inakusanywa kabla hatujaondoka Maringo, asije mtu akaanza kubishania bei kule ziwani.