Usumu wa papo hapo, usumu wa muda mrefu

Ukisoma taarifa za maabara kuhusu dawa za mitishamba za Kichina, utakutana mara nyingi na hoja hii: panya walinyweshwa dozi moja kubwa, wakaangaliwa siku 14, hakufa hata mmoja, kwa hiyo dawa ni salama. Hoja hiyo ina pengo. Kilichopimwa hapo ni usumu wa papo hapo tu.

Tuanze na neno lenyewe. Sumu ni kitu. Usumu ni uwezo wa kitu hicho kudhuru. Uwezo huo hautajwi peke yake: lazima useme ni kwa kiasi gani, kwa njia ipi na kwa muda gani. Katika kipimo cha papo hapo, panya aliyenyimwa chakula hunyweshwa dawa kwa bomba lenye ncha butu linalopita kooni hadi tumboni. Kiwango cha juu kwa kawaida ni miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtafiti humwangalia katika nusu saa ya kwanza, kisha saa baada ya saa, kisha kila siku: anatetemeka? Anahara? Manyoya yamesimama?

Figo inayoharibika polepole haionekani kwa macho hayo. Ndiyo maana kuna kipimo cha siku 90, ambapo panya hupewa dawa kila siku, kundi moja likiachwa bila dawa kwa kulinganisha. Mwishoni damu hupimwa, ini na figo hupimwa uzito, kisha hukatwa vipande vyembamba mno na kutazamwa kwa hadubini. Kipimo cha saratani huchukua miezi 24, karibu umri mzima wa panya.

Kilichotokea Brussels, Ubelgiji, kinaonyesha uzito wa tofauti hii. Mwaka 1990 kliniki moja ya kupunguza unene ilibadilisha mchanganyiko wa vidonge vyake na kuongeza mitishamba ya Kichina. Mmoja ulipaswa kuwa han fang ji, yaani Stephania tetrandra. Kilichoingia ni guang fang ji, Aristolochia fangchi, mmea wenye asidi aristolokiki, ambayo hudhuru figo. Wanawake waliovimeza hawakuanguka siku hiyo wala wiki hiyo. Mwaka 1993 Jean-Louis Vanherweghem na wenzake waliripoti katika jarida la The Lancet kwamba figo za wanawake vijana zilikuwa zimejaa makovu. Wengi waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Mwaka 2000 ikaripotiwa kwamba kati ya wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo zilizokufa pamoja na mirija ya mkojo, 18 walikutwa na saratani.

Kinachouma zaidi ni kwamba panya walikuwa wameshasema. Utafiti wa Kijerumani uliochapishwa 1982 ulionyesha kuwa asidi aristolokiki, ikitolewa kwa dozi ndogo kwa miezi michache, huwapa panya saratani ya tumbo la mbele. Ujerumani ilikuwa imeshaondoa sokoni dawa zenye asidi hiyo mwaka 1981. Ni kweli binadamu hana tumbo la mbele kama la panya, na kiungo kilichougua Brussels kilikuwa kingine. Lakini onyo kwamba kitu hiki huzaa saratani lilikuwa sahihi.

Sasa tafsiri: usumu huu unaojitokeza dawa ikitumiwa kwa muda mrefu uitweje kwa Kiswahili? Wapo wanaoandika "usumu sugu", kwa kufuata "ugonjwa sugu". Siungi mkono. Kisukari ni ugonjwa sugu kwa sababu hakiondoki, ilhali malaria sugu ni ile isiyosikia dawa. Msomaji wa "usumu sugu" anaweza kudhani ni sumu isiyo na tiba, na suala zima la muda likampotea. "Usumu wa muda mrefu" ni jina refu kidogo, lakini linaeleweka hata kwa mwuza dawa wa sokoni.

Jina hilo nalo lina mpaka wake. Linahusu muda wa kutumia dawa. Saratani iliyojitokeza miaka kadhaa baada ya wagonjwa kuacha vidonge inahitaji jina la pili: "madhara ya baadaye". Na kila istilahi kati ya hizi iandikwe pamoja na idadi ya siku na jina la mnyama. "Usumu wa muda mrefu, panya, siku 90" humwambia msomaji kilichopimwa. "Haina sumu" haimwambii chochote.