Kiti cha Makamu Mkuu wa Chuo, Mlimani

Sisi wa Isikizya na Tabora nzima tuna fungu letu katika historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkuu wake wa kwanza, Mwalimu Nyerere, alisoma Shule ya Tabora, kisha akarudi mjini humo kufundisha St. Mary's, ambayo siku hizi ni Mihayo.

Chuo kilifunguliwa Oktoba 25, 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, chini ya malezi ya Chuo Kikuu cha London. Kilianza kuongozwa na Mkanada, Cranford Pratt. Mwaka 1965 alipokewa na Dakta Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza kukalia kiti hicho. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho chuo hiki kilikuwa sehemu yake, kilipovunjwa, Julai 1, 1970, Rais Nyerere ndiye akawa Mkuu wa Chuo, na mtendaji wa kila siku akaitwa Makamu Mkuu.

Wa kwanza kushika wadhifa huo, Pius Msekwa, alitoka kwenye ukatibu mtendaji wa TANU. Alikuwa mtawala hodari, aliyewahi kuwa Katibu wa Bunge, lakini wanafunzi waliona chama kimehamia Mlimani, chuoni kwao. Nao walikuwa hawajasahau Oktoba 1966, Nyerere alipowafukuza vijana 393, wengi wao wa chuo hiki, kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa.

Julai 1971, kiongozi wa wanafunzi Symonds Akivaga, Mkenya, alimwandikia Msekwa barua ya wazi kulalamikia uongozi usiowashirikisha. Askari wenye silaha walimchukua, akarudishwa kwao, na wenzake wakagoma. Kwangu mimi, huo ndio mtihani mkubwa kuliko yote ambayo kiti hiki kimewahi kupewa. Bologna, Italia, katika karne ya 13, rekta alichaguliwa na wanafunzi, na maprofesa walimwapia utii. Mlimani, barua tu ya mwanafunzi kwa Makamu Mkuu ilileta bunduki. Akivaga aliruhusiwa baadaye kurudi kumaliza masomo yake.

Waliofuata ni Ibrahim Kaduma, Nicholas Kuhanga, Geoffrey Mmari, Matthew Luhanga aliyekaa miaka 15 tangu 1991, Rwekaza Mukandala, na mwaka 2017 William Anangisye. Hata ukuu wa chuo ulitoka mikononi mwa Rais: mwaka 1993 alikabidhiwa Paul Bomani.